Mawimbi Huja kwa Makundi

Somo hili lilisemwa kwanza redioni, na sasa limechapwa ili mpate kulisoma polepole, neno kwa neno, na kurudia mahali palipo pagumu. Lina hesabu kidogo. Msiiogope, maana hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kuzidisha tu.

Ninyi mlio Mwese hamkai ufukoni. Mnakaa juu milimani, na ziwa Tanganyika li magharibi yenu, chini kule. Lakini wengi wenu mmefika Karema au Ikola, ama kununua dagaa na migebuka, ama kusalimu jamaa. Aliyefika huko wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma siku nzima juu ya ziwa lile refu, ameyaona mawimbi makubwa. Je, aliyatazama sawasawa? Mtu akikaa ufukoni kwa muda wa robo saa bila kufanya kazi nyingine, ataona ya kuwa mawimbi hayaji yote kwa ukubwa mmoja. Huja madogo kadhaa, kisha makubwa matano au sita yafuatanayo, kisha maji hutulia kidogo, kisha makubwa tena. Mawimbi huja kwa makundi. Wavuvi wamejua jambo hili tangu zamani, maana mwenye mtumbwi hangoji kuambiwa na mwalimu wakati wa kupiga kasia kuelekea nchi kavu.

Basi somo la leo ni historia. Tutasimulia jinsi watu walivyovumbua sababu za mambo hayo, na hasa jinsi kundi la mawimbi linavyobadilika likitoka kwenye kina kirefu na kuingia kwenye kina kifupi. Nawaambia mapema kwamba habari hii ina vifo ndani yake, na baadhi ya waliokufa walikuwa wa nchi yetu.

Tuanze na swali la kwanza: kwa nini makundi? Fikirini wapiga ngoma wawili. Mmoja anapiga upesi kidogo kuliko mwenzake. Kuna wakati mapigo yao yanaangukia pamoja, na ngoma inasikika kwa nguvu. Baadaye pigo la huyu linaangukia katikati ya mapigo ya yule, na sauti inakuwa dhaifu. Kisha wanakutana tena. Upepo nao haufanyi mawimbi ya namna moja. Hufanya mawimbi mengi yaliyokaribiana urefu, nayo yanasafiri pamoja. Mahali vilele vyao vinapokutana panakuwa na wimbi kubwa. Mahali kilele cha moja kinapokutana na bonde la jingine, maji hutulia. Ndilo kundi hilo.

Sasa jambo la ajabu. Nendeni kwenye bwawa au lambo siku ambayo hakuna upepo, mtupe jiwe kubwa kama kichwa cha mtu. Msitupe kokoto, maana vijiwimbi vya kokoto vina tabia nyingine. Tazameni duara la mawimbi linapotanuka. Chagueni wimbi moja nyuma ya kundi na kulifuata kwa macho. Mtaona linakwenda mbele kupita katikati ya kundi, linakuwa kubwa, kisha likifika mbele linafifia na kupotea. Na nyuma ya kundi linazaliwa jingine. Wimbi moja moja linakwenda upesi kuliko kundi lake! Katika maji ya kina kirefu, kundi huenda nusu tu ya mwendo wa mawimbi yaliyomo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika juu ya jambo hilo alikuwa mhandisi wa Scotland, jina lake John Scott Russell. Mwaka 1834 alikuwa akitazama mashua ikivutwa na farasi wawili katika mfereji mwembamba karibu na Edinburgh. Mashua ilisimama ghafula, lakini maji yaliyokuwa yamejikusanya mbele yake hayakusimama. Yalitoka kama kilima kimoja laini, chenye urefu wa kiasi cha mita 9 na kimo cha sentimita 30 hadi 45, yakaenda zao. Russell akapanda farasi wake akakifuata kilima kile kilometa mbili hivi, mpaka kikampotea kwenye mapindi ya mfereji. Watu wengine wangesema, "Loo, maji!" na kwenda nyumbani. Yeye alijenga hodhi refu la maji akaanza kupima. Akapata kwamba mwendo wa wimbi la namna ile hutegemea kina cha maji: kina kikipungua, mwendo hupungua. Taarifa yake kubwa ilitoka mwaka 1844. Na mwaka 1877 Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi huko Manchester, alieleza kwa nini kundi la mawimbi kwenye kina kirefu linabaki nyuma ya mawimbi yake. Alionyesha kwamba nguvu ya mawimbi husafiri kwa mwendo wa kundi, si kwa mwendo wa kilele kimoja kimoja.

Lakini mtu ninayependa hasa mmjue ni mwingine, naye aliwatangulia katika jambo la kina kifupi. Jina lake George Green. Alizaliwa mwaka 1793 mjini Nottingham, Uingereza, mtoto wa mwoka mikate. Alisoma shule muda wa mwaka mmoja hivi tu, akiwa na umri wa miaka minane au tisa, kisha akatiwa kazini kwa baba yake. Baadaye baba alijenga kinu cha kusagia nafaka kinachoendeshwa kwa upepo, na George akawa msagaji. Mchana alisaga, na muda uliobaki alijisomea hesabu. Mwaka 1828 alichapisha kitabu chake cha kwanza, na walionunua walikuwa watu wapatao hamsini. Wengi wao nadhani hawakukielewa. Aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1833, akiwa na miaka 40. Fikirini mzee wa miaka 40 akikaa darasani pamoja na vijana wa miaka 18. Ninyi mnajua ilivyo.

Mwaka 1837 Green alisoma mbele ya wataalamu wa Cambridge karatasi yake juu ya mawimbi katika mfereji ambao kina chake na upana wake vinabadilika. Humo alitoa kanuni ambayo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kwa maneno mepesi ni hii: wimbi refu likiingia mahali ambapo kina kimepungua mara kumi na sita, kimo chake huongezeka mara mbili. Green alifariki mwaka 1841, kabla hajafikisha miaka 50, na sifa zake zilikuja baadaye.

Kwa nini wimbi liongezeke kimo? Hapa tuwaze njia ya Mwese wakati wa masika. Watu ishirini wanatoka sokoni na mizigo kichwani, wamefuatana, kila mmoja hatua tano nyuma ya mwenzake. Mbele kuna tope. Wa kwanza akiingia topeni anapunguza mwendo. Wa nyuma yake bado yuko penye njia kavu, anakwenda kwa mwendo ule ule, basi anamkaribia. Na wa tatu vivyo hivyo. Msafara wote unajibana. Idadi ya watu haikupungua, wala hesabu ya wanaopita mahali pamoja kwa dakika haikubadilika; lakini sasa wamesongamana, hatua mbili tu kati ya mtu na mtu.

Mawimbi hufanya hivyo hivyo. Wimbi huanza kuisikia chini pale kina kinapokuwa pungufu ya nusu ya umbali kati ya kilele na kilele. Kama vilele vimeachana mita 20, basi penye kina cha mita 10 wimbi limekwisha anza kuguswa na ardhi iliyo chini. Linapunguza mwendo. La nyuma linalikaribia. Nguvu iliyokuwa imetandazwa juu ya eneo refu sasa inabanwa katika eneo fupi, na kwa kuwa haina pa kwenda, inapanda juu. Wimbi linasimama wima zaidi na zaidi, hata kimo chake kinapokuwa kiasi cha nane ya kumi ya kina cha maji, linavunjika. Wimbi la mita moja litavunjika mahali ambapo maji yanamfikia mtu mzima kifuani. Ndiyo maana mvuvi mwenye busara akiona mawimbi yanavunjika mbali na nchi kavu, anajua kuna fungu la mchanga mahali pale hata kama halionekani.

Na kundi je? Kundi nalo linajibana kama msafara ule. Zaidi ya hayo, tabia yake inageuka. Nimesema kwenye kina kirefu wimbi linazaliwa nyuma na kufa mbele. Kwenye kina kifupi tofauti hiyo ya mwendo inakwisha: mawimbi na kundi lao vinakwenda mwendo mmoja. Kila wimbi linabaki na nafasi yake katika foleni. Lililo kubwa linafika ufukoni likiwa kubwa, na lililo la tatu linafika la tatu.

Hapo Karema penyewe pana historia ya kina. Mwaka 1879 Cambier, ofisa wa Kibelgiji, alianzisha kituo Karema karibu na maji. Lakini mwaka mmoja kabla, ziwa lilikuwa limeanza kupungua, kwa kuwa takataka na mchanga uliokuwa umeziba mto Lukuga, upande wa Kongo, ulivunjika na maji yakapata njia ya kutoka. Nahodha Hore wa misheni ya Kiingereza huko Ujiji aliweka alama akapima jinsi maji yalivyoshuka. Hata kufikia miaka ya 1890, ziwa lilikuwa limeshuka kiasi cha mita kumi, na boma la Karema, ambalo Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa mwaka 1885, likabaki mbali na maji. Kisha katika miaka ya 1961 hadi 1964 mvua nyingi zililipandisha ziwa tena, na mwaka 2020 na 2021 lilipanda hata likaingia katika nyumba na bandari za watu kandokando yake. Jambo la kuangalia ni hili: ziwa likipanda, mawimbi ya upepo ule ule yanavunjikia mahali pengine. Fungu la mchanga lililokuwa likiyachosha mbali sasa limefunikwa na maji mengi, nayo yanapita juu yake na kuvunjikia mlangoni kwa mtu.

Tuendelee na historia. Kwa miaka mingi habari za mawimbi penye kina kifupi zilikuwa za wataalamu wachache. Vita Kuu ya Pili ilibadilisha hayo. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalihitaji kushusha askari fukweni kwa mashua, na mashua ikiingia katikati ya mawimbi yanayovunjika hupinduka. Mtaalamu kutoka Norway, Harald Sverdrup, na mwanafunzi wake Walter Munk, huko California, walitengeneza njia ya kutabiri ukubwa wa mawimbi ufukoni kutokana na habari za upepo. Njia hiyo ilitumiwa mwaka 1944 majeshi yaliposhuka Ufaransa.

Vita vilipokwisha, Munk aliendelea kutazama ufuko. Mwaka 1949 aliandika kwamba, mbali na mawimbi ya kawaida, maji ya ufukoni yanapanda na kushuka polepole, kwa muda wa dakika chache, na kwamba kupanda huko kunafuatana na makundi ya mawimbi makubwa. Mwaka uliofuata, 1950, Mwingereza Tucker alipima jambo hilo kwenye pwani ya Cornwall. Alikuta kwamba kila kundi kubwa likipita juu ya kipimo chake likielekea pwani, baada ya dakika kadhaa wimbi refu, la chini, lisiloonekana kwa macho, lilipita likirudi baharini.

Wimbi hilo refu lilitoka wapi? Jibu lilitolewa na Longuet-Higgins na Stewart mwaka 1962, mwaka ule ule Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Mawimbi makubwa yaliyo katikati ya kundi yanayasukuma maji kando, kwa hiyo usawa wa maji chini ya kundi hushuka kidogo. Kati ya kundi na kundi, penye utulivu, usawa hupanda. Hivyo kila kundi limebeba chini yake wimbi jingine refu, lililofungwa nalo kama kivuli kilivyofungwa na mtu. Kina kikipungua, kivuli hicho kinakuwa kikubwa. Na mawimbi ya juu yanapovunjika, kivuli kinafunguliwa. Kinapanda ufukoni peke yake, kisha kinarudi.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari. Mtu anasimama majini wakati wa utulivu, maji yamemfikia magotini. Anafikiri leo bahari ni njema. Kundi linakuja, mawimbi sita mfululizo, na maji yote yaliyosukumwa ufukoni yanaongezeka hata kifuani. Kisha yanarudi baharini kwa mkondo, na miguu inateleza. Mtoto hawezi kusimama hapo. Kwenye ziwa makundi ni mafupi, kwa kuwa mawimbi ya ziwani yanafuatana upesi. Kwenye bahari kuu utulivu waweza kudumu dakika nyingi, na ndio unaowadanganya watu.

Sasa tufike kwenye tarehe 26 Desemba, 2004. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi. Karibu na saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ardhi chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ilitikisika vibaya sana na kuinua maji. Mawimbi ya tetemeko, ambayo watu huyaita tsunami, si mawimbi ya upepo. Kutoka kilele hadi kilele ni kilometa mamia, na kwa sababu hiyo bahari yote kwao ni kina kifupi! Ile kanuni ya Green, mtoto wa mwoka mikate, inayahusu tangu mwanzo hadi mwisho wa safari. Penye kina cha mita 4,000 yanakwenda zaidi ya kilometa 700 kwa saa, sawa na ndege. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili hivi baada ya tetemeko ilipima kimo chake: kiasi cha sentimita 60 tu. Mabaharia juu ya meli hawangesikia kitu. Sasa pigeni hesabu. Kutoka kina cha mita 4,000 hadi kina cha mita 10 ni kupungua mara 400, na kwa kanuni ile kimo kinazidi mara nne na nusu hivi. Sentimita 60 zimekuwa zaidi ya mita mbili na nusu, na ufuko haujafikiwa bado. Penye kina cha mita 10 mwendo wake umeshuka kuwa kilometa 36 kwa saa, na yote yaliyo nyuma yanasukuma.

Watu zaidi ya 220,000 walikufa katika nchi zinazozunguka bahari ile. Mawimbi yalihitaji kiasi cha saa tisa kufika kwetu. Saa tisa! Habari za vifo vya Indonesia, Sri Lanka na India zilikuwa zimekwisha tangazwa redioni. Huko Kenya wakuu waliwaondoa watu fukweni, na aliyekufa alikuwa mtu mmoja. Upande wetu watu wapatao kumi au zaidi walikufa, na wengi wao walikuwa wakiogelea Dar es Salaam katika sikukuu. Somalia walikufa watu karibu 300, wengi katika rasi ya Hafun, ambako ardhi ni tambarare na hakuna aliyewaonya.

Na mawimbi yale nayo hayakuwa moja. Yalikuja kwa mfululizo, yakiachana kwa dakika 20, 30 na hata zaidi, na mahali pengi la kwanza halikuwa kubwa kuliko yote. Katika pwani nyingi watu waliokoka la kwanza, wakarudi kutafuta watoto na vitu vyao, wakakutwa na la pili. Kwa akili ya kawaida mtu huona jambo likipita, limepita. Huko Salalah, Oman, meli kubwa ya mizigo yenye urefu unaozidi mita 280 ilikata kamba zake ndani ya bandari baada ya mawimbi ya kwanza kupita, maji ya bandari yalipokuwa bado yakizunguka na kusukasuka. Ukuta wa bandari unayazuia mawimbi mafupi ya upepo; lile refu hupita mlangoni na kuingia. Bandari mpya ya Karema, iliyoanza kazi mwaka 2022, nayo ina ukuta wa kuzuia mawimbi, na juu ya ziwa ukuta kama huo hufaa sana, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi.

Baada ya mwaka 2004 nchi za Bahari ya Hindi, kwa msaada wa UNESCO, ziliweka mfumo wa kutoa onyo, nao ulianza kazi kamili mwaka 2011. Kwa Tanzania onyo hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Onyo likitolewa pwani, watu hukaa mahali pa juu mpaka watangaziwe kuwa hatari imekwisha, hata kama maji yametulia kwa nusu saa nzima.

Kabla ya kipindi kijacho, fanyeni kazi tatu. Tupeni lile jiwe bwawani, mwandike kwa sentensi mbili mlichokiona nyuma ya kundi na mbele yake. Pigeni hesabu: wimbi refu la tetemeko lenye kimo cha sentimita 50 likitoka kina cha mita 1,600 na kufika kina cha mita 100, litakuwa na kimo gani? Na atakayekwenda Karema au Ikola kununua samaki, akae ufukoni robo saa, ahesabu mawimbi makubwa katika kila kundi, arudi na karatasi yake awasomee wenzake darasani.